Memori Mbili za Aina ya Zamani

Mashine ilikwama tena Jumatano saa tano asubuhi, ikiwa imefika jina la elfu tatu na mia nane. Kemirembe aliitazama skrini, akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine, kisha akaizima. Ilikuwa mara ya tisa tangu mwezi wa saba. Nje ya dirisha watu zaidi ya arobaini walikuwa wameketi kwenye nyasi wakingoja ofisi iseme neno, naye hakuwa na la kuwaambia ila lile alilowaambia wiki iliyopita: rudini Jumatatu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa parokia, hapo Kayanga, wilayani Karagwe, na kazi yake ilikuwa kutafuta jamaa waliopotezana. Tangu mwaka 1994, watu walipovuka Mto Kagera kwa maelfu wakikimbia Rwanda, wazazi walikuwa wamepotezana na watoto, waume na wake, ndugu na ndugu. Makarani walizunguka kambini na vijijini wakijaza fomu. Huyu anamtafuta fulani. Huyu ni mtoto aliyeokotwa, hana mtu. Fomu zililetwa kwa Kemirembe, naye akaziingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ilitakiwa kumlinganisha kila anayetafuta na kila anayetafutwa, halafu itoe karatasi ya wanaofanana.

Majina yalipokuwa elfu moja, kazi hiyo ilimalizika kabla Kemirembe hajamaliza kikombe cha chai. Sasa yalikuwa elfu kumi na moja na mia nne, na kazi haikufika mwisho.

Kemirembe alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Ndama. Taipu alisomea Bukoba. Kompyuta alifundishwa kwa wiki tatu na mgeni aliyeileta, kisha mgeni akaondoka. Hakuwa mtu wa kutulia hata kabla ya kazi hii, lakini mwaka ule wa 1996 ulimzidi. Nyumbani alikula amesimama. Mama yake alimsemesha mara mbili ndipo ajibu mara moja. Akipita sokoni na kumwona mtoto amesimama peke yake, anajikuta anauliza jina la mtoto, jina la baba, jina la kijiji, mpaka mama wa mtoto anatokea na kumkodolea macho.

Mwezi wa tisa zilianza tetesi kwamba kambi zitafungwa kabla ya mwaka kwisha. Hakuna aliyesema rasmi, lakini madereva wa malori walisema, na madereva walikuwa wakijua mambo mapema. Kemirembe alielewa maana yake. Kila fomu ilikuwa na mahali pa kumpata mtu: kambi fulani, hema namba fulani. Siku watu watakapoondoka, fomu elfu kumi na moja zitageuka kuwa karatasi za kufungia karanga.

Jumatano hiyohiyo ya mashine kukwama, mkuu wa ofisi, Mwalimu Methodius, alimwita. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa koti hata jua likiwaka, na hakupenda kuamua jambo asubuhi ikiwa linaweza kuamuliwa jioni. Mezani mbele yake palikuwa na barua kutoka kwa wafadhili.

"Wametupa laki mbili na nusu za kuitengeneza mashine," alisema. "Mtaalamu wao anasema tatizo ni memori, na tununue ya aina mpya. Ndiyo yenye kasi. Ya zamani inaondoka sokoni."

"Saleh anasemaje?"

Saleh alikuwa na duka la redio na betri karibu na stendi. Babu yake alikuja kutoka Pangani kuuza nguo akabakia, na Saleh mwenyewe alikwenda Kampala kila baada ya wiki mbili kuleta bidhaa. Hakuna kitu chenye waya kilichoingia Karagwe bila yeye kujua bei yake.

"Ya aina mpya moja, ya megabaiti nane, ni laki moja na themanini," Mwalimu alisoma kwenye kikaratasi. "Ya zamani, ya megabaiti nane hizohizo, ni laki na ishirini. Elfu sitini zaidi. Lakini mtaalamu amesema mpya, basi ni mpya. Saleh anaondoka Jumanne."

Kemirembe alitaka kufurahi, akashindwa. Alirudi kwenye kiti chake na kuitazama mashine kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeandikiwa dawa ambayo hakuna ajuaye inatibu nini. Kasi ya nini hasa? Na ikija isifae, watapata wapi fedha nyingine?

*

Alhamisi kwenye foleni alikuwepo mtu mmoja mwembamba, ameshika jembe, matope yamemfika magotini. Kemirembe alimkumbuka kwa sura. Jina lake lilikuwa Theoneste Sibomana, anaishi kambini na kufanya vibarua vya kulima kwenye vibanja vya migomba huko Ndama. Alimtafuta binti yake, Mukakalisa, aliyepotezana naye walipokuwa wakivuka mto, mtoto akiwa na miaka sita. Mke alikwisha kufa. Mtu huyu alikuja kila Alhamisi, anauliza swali moja, anapata jibu moja, anashukuru, anaondoka.

Siku hiyo zamu yake ilipofika hakuuliza la binti. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kemirembe alikuwa ameiwasha mashine ijaribu tena, nayo ilikuwa ikikoroma ndani kwa ndani bila kupumzika.

"Dada," alisema, "hiyo mashine ina memori kiasi gani?"

Kemirembe aliinua macho. "Wewe unajua memori?"

"Nilifanya kazi benki, Kigali. Miaka minane. Chumba cha kompyuta kilikuwa chini yangu." Alisema kama anayetaja kijiji cha mbali. "Hiyo sauti ni ya diski. Haitakiwi kulia hivyo muda wote. Inahangaika."

"Ina megabaiti nne."

Theoneste alitikisa kichwa polepole. Kemirembe akajikuta anamweleza yote, barua, aina mpya, aina ya zamani, Saleh na Jumanne, huku watu nyuma yake wakianza kunung'unika. Mwisho alimwambia, "Ingia uione mwenyewe."

"Haingii," ilisema sauti ya Mwalimu Methodius kutoka mlangoni.

Alimvuta Kemirembe pembeni. Hakuwa amekasirika, ila alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya kijinga. "Ndani ya mashine ile mna majina ya watu, na mahali wanapolala. Wapo humo walioshuhudia mambo. Wapo wanaotafutwa kwa wema, na wapo wanaotafutwa kwa ubaya. Mimi simjui mtu huyu alikuwa wapi mwezi wa nne, mwaka ule wa mauaji. Wewe unamjua?"

"Simjui."

"Basi hatagusa."

Theoneste alikuwa amesikia, maana chumba kilikuwa kidogo. Aliliegemeza jembe ukutani, akasema kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu. Sina haja ya kugusa. Dada ana mikono. Mimi nitasimama nje ya dirisha, hata skrini nisiione. Nitauliza, yeye atajibu."

Mwalimu alilitazama jembe, kisha matope ya magotini. "Marahaba," alisema hatimaye, na wote wawili wakaichukulia kuwa ndiyo ruhusa.

*

Ijumaa hakukuwa na foleni. Theoneste alikuja saa mbili, akasimama upande wa nje, kiwiko juu ya kizingiti cha dirisha, amegeuza uso kuelekea barabarani.

"Unafanya kazi kwenye meza," alianza. "Meza ni ndogo. Fomu unayoihitaji haimo mezani, basi unainuka, unakwenda kabatini, unairudisha hii, unaichukua ile, unakaa. Kabati ndilo diski. Meza ndiyo memori. Memori ya aina mpya ni karani mwenye mkono mwepesi kuliko wewe. Lakini meza ni ileile. Sasa swali ni hili: unachelewa kwa sababu mkono wako mzito, au kwa sababu unashinda njiani kati ya meza na kabati?"

"Nitajuaje?"

"Pima. Chukua majina elfu moja tu. Andika muda."

Kemirembe alipima. Dakika tatu. Akachukua elfu mbili: dakika kumi na mbili.

"Sawa," alisema Theoneste. "Majina yakizidi mara mbili, kazi inazidi mara nne, kwa sababu kila mmoja analinganishwa na kila mmoja. Elfu tatu inatakiwa iwe dakika ngapi?"

Kemirembe alipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. "Ishirini na saba."

"Iache tuone."

Dakika ishirini na saba zilipita. Zikapita arobaini. Taa nyekundu ya diski, ambayo mpaka hapo ilikuwa ikipepesa mara mojamoja, iliwaka bila kuzimika. Kemirembe alisimama, akakaa, akasimama. Alikwenda mlangoni akarudi. Theoneste alikuwa ametulia palepale dirishani, lakini Kemirembe aliona vidole vyake vinachimba rangi ya kizingiti na kuidondosha chini, kipande kwa kipande. Elfu tatu ilikwisha baada ya saa mbili na dakika kumi.

"Umeona," alisema Theoneste. "Mpaka elfu mbili mashine inafanya kazi. Baada ya hapo inatembea tu."

"Kwa hiyo tunataka meza pana."

"Pana sana. Memori moja ya nane, iwe mpya iwe ya zamani, itakufikisha majina elfu saba, labda elfu nane. Kisha itaanza kutembea tena. Memori mbili zitakubeba orodha nzima, na nafasi itabaki. Fedha yenu inanunua mbili za zamani au moja mpya. Na kuna jambo jingine. Mlipewa kitabu cha mashine?"

Kitabu kilikuwepo, kimeandikwa Kijerumani, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua. Lakini ukurasa wa pili ulikuwa na mwaka: 1993.

"Nimemwuliza Saleh; aina mpya imeanza kuuzwa mwaka jana," alisema Theoneste. "Mashine ya 1993 huenda isiitambue kabisa. Huenda isiwake. Au itawaka, iitumie kama ya zamani, na elfu sitini zenu zimekwenda bure. Sina hakika ni lipi kati ya hayo. Ninachojua ni kwamba hata ikiikubali, itaokoa nusu saa kwa siku nzima."

Kemirembe aliuliza swali lililokuwa likimsumbua tangu jana. "Na wewe? Unapata nini?"

Mtu yule aligeuka na kumtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Jina la mwanangu limo humo ndani, dada. Kama hujaelewa napata nini, sijui nikueleze vipi."

*

Jumatatu Kemirembe aliiweka karatasi ya vipimo mbele ya Mwalimu Methodius. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Mwalimu alivaa miwani, akazipitia hesabu kama anayesahihisha daftari la darasa la saba. Hakupata kosa, na hilo halikumfurahisha.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Lakini mtaalamu amesoma. Na fikiria mbele. Mwaka kesho wakituletea mashine nyingine, memori mpya itahamia huko. Hizi za zamani tutazitupa. Nitaulizwa kwa nini nilinunua kitu kinachotupwa."

"Mwaka kesho watu hawa hawatakuwepo, Mwalimu."

"Hizo ni tetesi."

"Wewe unaamini ni tetesi?"

Mwalimu alivua miwani. Nje mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na wale wa foleni walikuwa wamesogea chini ya ukingo wa paa, mabega yamebanana. Kemirembe alianza kuzungushazungusha kalamu, na Mwalimu akamnyang'anya.

"Ukikosea," alisema, "barua ya kueleza utaiandika wewe, kwa jina lako. Mimi nitaiambatanisha."

"Nitaandika."

"Basi nenda kwa Saleh."

Alikimbia kwenye mvua. Saleh alikuwa akifunga mafurushi ya kesho, na aliposikia agizo alicheka. "Za zamani? Binti, kila mtu Kampala ananiuliza mpya. Nikuletee hizo, zisipofaa nitamwuzia nani? Mimi siyo wa kurudishiwa."

"Sitarudisha."

"Na mpya ikiwa imeshuka bei?"

"Hata ukiikuta kwa bei moja, lete za zamani. Mbili, za nane nane. Ziwe na pini sabini na mbili, yale meno ya chini." Alimwandikia. Kisha, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote siku hiyo, akiwemo yeye mwenyewe, alimwandikia tena kwenye karatasi ya pili na kumwambia aiweke mfuko mwingine.

Saleh alisafiri. Ilikuwa arudi baada ya siku nne. Siku nne zikawa sita, sita zikawa tisa. Barabara ya Kyaka ilikuwa imekatika kwa mvua, walisema abiria. Kemirembe alipanga upya kabati lililokuwa limepangika. Aliota mchana, macho wazi, kwamba Theoneste amemdanganya. Halafu kwamba hakumdanganya ila amekosea, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alianza kuandika ile barua ya kueleza, akaichana. Siku ya kumi Saleh aliingia ofisini mwenyewe, viatu vyake vya Ijumaa vimejaa udongo, akatoa mfukoni kifuko cha plastiki kisichozidi kiganja.

"Hizi hapa. Zilikuwa za mwisho dukani," alisema. "Na mpya haikushuka bei."

*

Theoneste aliitwa kutoka shambani. Alisimama dirishani kama mara ya kwanza, na Mwalimu Methodius alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Kemirembe alichomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akagusa chuma kuondoa umeme wa mwilini, kama alivyoelekezwa. Vipande vile viwili vyeusi vilikuwa vyepesi kama ganda la njugu. Alivisukuma kwenye nafasi zake, akafunga, jenereta ya parokia ikawashwa, akabonyeza.

Mashine ililia mara tatu, pii, pii, pii, na skrini ikabaki giza.

Kemirembe alimsikia Mwalimu akivuta pumzi.

"Zima," alisema Theoneste kutoka nje. "Zitoe zote mbili. Uliziingiza zimesimama wima?"

"Ndiyo."

"Ziingize zimelala kidogo, kisha zisimamishe mpaka zilie pande zote mbili. Usiogope kuzisukuma."

Aliogopa, akasukuma. Kipande cha kwanza kililia: tak. Cha pili kiligoma, mikono ikamtoka jasho, akajifuta kwenye sketi, akasukuma tena. Tak. Akabonyeza. Juu ya skrini nyeusi tarakimu nyeupe za kuhesabia memori zilianza kupanda. Siku zote zilikuwa zikisimama kwenye elfu nne na ushee. Zilipita hapo. Zikapita elfu kumi. Kemirembe alizisoma kwa sauti ili mtu wa dirishani asikie, mpaka zikasimama: elfu ishirini, mia nne na themanini.

Theoneste alikaa chini kwenye nyasi zenye maji.

Kesho yake mashine ilianza saa mbili na robo asubuhi na kumaliza saa tisa kasoro dakika tano alasiri, taa nyekundu ikipepesa tu hapa na pale. Printa ilitoa karatasi ndefu iliyofika sakafuni. Watu mia mbili sitini na watatu walikuwa wamepata wenzao. Mwalimu alisimama kwenye ngazi na kusoma majina, na kila jina liliposomwa palitokea kelele upande mmoja wa uwanja, nyingine za kilio, nyingine ambazo Kemirembe hakuwahi kuzisikia kwa mtu mzima. Theoneste alisikiliza mpaka jina la mwisho. Lake halikuwemo. Alimshukuru Mwalimu, akaokota jembe lake, akaondoka.

Kemirembe hakuweza kukaa. Alirudi nyumbani Ndama kwa miguu, akamkuta bibi yake anamenya ndizi, akimnung'unikia jirani ambaye jina lake alilitamka vile alivyolitamka miaka yote, na r mahali pa l. Kemirembe alisimama katikati ya ua. Watu wote wa huku walifanya hivyo, Wanyambo wenyeji kwa Wanyarwanda. Na makarani je? Mmoja alitoka Tabora, mwingine Bukoba, kila mmoja aliandika alivyosikia. Kwa kompyuta, herufi moja ikitofautiana, ni watu wawili.

Alfajiri alikuwa ameshafika ofisini. Alitengeneza nakala ya majina yote yenye l ndani ya orodha ileile, na katika nakala hiyo kila l akaigeuza r. Orodha iliongezeka kwa zaidi ya majina elfu moja. Wiki mbili nyuma kazi hiyo isingewezekana hata ndotoni. Sasa ilikaa juu ya meza pana, na jioni ya siku ya pili ilitoa karatasi nyingine: mia moja na sabini wapya. Mstari wa tisini na kitu ulisema Sibomana, Theoneste, na mbele yake palikuwa na wasichana wawili walioandikwa Mukakarisa. Mmoja alikuwa kijiji cha Igurwa. Mmoja Nyakakika.

*

Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba hakuna mtoto anayekabidhiwa kwa jina tu. Mzazi aliulizwa maswali peke yake, mtoto naye peke yake, kisha majibu yakalinganishwa. Kemirembe alikwenda na Theoneste kwa gari la parokia, na Mwalimu Methodius, bila kueleza kwa nini, alipanda kiti cha mbele.

Mtoto wa Igurwa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Haikuchukua dakika moja. Theoneste aliomba radhi kwa waliomlea, akarudi garini na kukaa akitazama magoti yake.

Huko Nyakakika walimkuta mama mmoja mjane, Nyiransabimana, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Rwanda miaka ya hamsini, akazeekea hapo katika kibanja chake. Alimwokota mtoto huyo barabarani, amevimba miguu, akamfanya wake. Msichana alitoka ndani, akamtazama Theoneste, akajificha nyuma ya kanga ya mama yule.

"Huyo si baba," alisema. "Baba ana miwani. Baba mnene."

Kemirembe alimpeleka nyuma ya nyumba, akachutama mbele yake. Jina la mama? Alilitaja, sahihi. Nyumba ilikuwa na mlango wa rangi gani? Hakukumbuka. Baba alikuwa akibeba nini kwenda kazini?

"Mkoba mweusi. Una kufuli ya namba. Ndani mna pipi."

"Na kufuli ulifunguaje?"

Mtoto alisita, kama mwizi anayekiri. "Nne, moja, saba."

Kemirembe alirudi mbele ya nyumba. Alimwuliza Theoneste kufuli ya mkoba wake wa kazini ilikuwa na namba gani. Alisema nne, moja, saba; kisha akasema, "Kumbe alikuwa anaijua," akafunika uso kwa viganja vyake vilivyochubuka kwa mpini.

Mwalimu Methodius aligeukia migomba. Baadaye, wakiwa wawili, alimwambia Theoneste, "Sikukosea kukuogopa. Lakini nimeshukuru hukukasirika."

"Nilikasirika, Mwalimu," alisema Theoneste.

Nyiransabimana hakulia wala hakubisha. Aliingia jikoni akapika ndizi za watu wote, na alipoandaa alimpa mtoto kwanza, kisha Theoneste, yeye akakaa mlangoni bila kula. Walikubaliana Theoneste alime kwenye kibanja kile, alale kwenye banda, mpaka mtoto amzoee. Ilichukua wiki tatu kabla msichana hajakubali kumshika mkono. Kitu kilichomvuta ni miwani ya Mwalimu, ambayo Theoneste aliazima siku moja na kuivaa, ingawa hakuona kitu.

Mwezi wa kumi na mbili tetesi zikawa tangazo. Barabara zilijaa watu, vichwa vimebeba magodoro na sufuria. Theoneste na binti yake waliondoka pamoja na wengine. Kufikia siku za mwisho ofisi ilikuwa imekutanisha familia zaidi ya mia tatu, na mashine haikukwama hata mara moja. Wafadhili waliandika kuuliza kwa nini ushauri wa mtaalamu haukufuatwa. Mwalimu Methodius aliijibu barua hiyo mwenyewe, akaambatanisha karatasi ya vipimo, na kwenye sahihi hakuweka jina la Kemirembe.

Wiki moja baadaye nyasi za uwanjani zilikuwa tupu. Kemirembe alikuwa akizunguka chumbani, hajui mikono aiweke wapi, mlango ulipogongwa. Alikuwa Nyiransabimana, amevaa kanga safi, ametembea tangu alfajiri kutoka Nyakakika.

"Karibu, mama. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimekuja kuandikwa," alisema yule mama. "Nimepotelewa na mtoto."

Kemirembe alifungua kinywa kumwambia kwamba mtoto hakupotea, kwamba yuko na baba yake, kwamba fomu hizi si za jambo hilo. Kisha alimvutia kiti, akakaa mbele ya mashine.

"Jina la mtoto?"

"Mukakarisa," alisema Nyiransabimana, na Kemirembe akaliandika vilevile alivyolisikia.